Mafuta ya Mkia wa Kondoo

Jumatatu, 8 Januari 1951

Memsabu, mke wa bwana wa shamba, amenipa daftari hili kwa sababu limemwagikiwa chai pembeni, na yeye hawezi kuandika kwenye kitu chenye doa. Mimi doa halinisumbui. Nilisoma mpaka darasa la nne kwa wamisheni, na tangu niolewe sijaandika chochote isipokuwa barua za watu wengine, ambao hulia wakinitajia maneno mpaka nakosea. Sasa nitaandika yangu.

Jina langu ni Rosebella Nasike. Mume wangu ni Walubengo, fundi wa chuma wa shamba hili la Bwana Yani, Kaburu, kwenye njia ya kutoka Eldoret kwenda Ziwa. Tuna mtoto mmoja, Nangila, wa miaka mitano. Na mimi ndiye ninayevukuta mivukuto ya karakana. Kwetu mwanamke hasogei karibu na moto wa mhunzi, wanasema chuma kitaharibika. Walubengo alinichukua miaka miwili iliyopita, akanifunga aproni ya ngozi kwa mikono yake mwenyewe, watu wakitazama. Wanawake wa shamba hili walikaa wiki nzima bila habari nyingine ya kusema.

Leo plau zimeanza kutoka. Udongo umekauka, mawe ni mengi, na ncha za plau zinarudi kwetu zimeisha kama meno ya ajuza. Walubengo anazitia motoni, mimi navukuta, yeye anagonga mpaka zichongoke tena. Halafu inakuja sehemu ngumu. Chuma kikiwa chekundu unachovya ncha yake majini, inakuwa ngumu lakini inavunjika upesi kama chupa. Kwa hivyo unaisugua kwa jiwe ing'ae, unangoja joto la nyuma lirudi mbele, na hapo rangi zinaanza kutembea juu ya chuma: manjano kama majani makavu ya mahindi, kisha kahawia, kisha zambarau, kisha samawati. Ikifika zambarau, majini tena, papo hapo. Ukiwahi, inakatika. Ukichelewa, inapinda. Na zambarau haikungoji umalize hata mstari mmoja wa Baba Yetu.

Walubengo akishika koleo huniuliza, "Rangi?" Nami namtajia: "Manjano. Kahawia. Zambarau!" Anachovya. Kila ncha, miaka miwili. Ananifundisha. Sijasikia mwanamke mwingine Uasin Gishu hii anayefundishwa kazi ya chuma na mumewe, na nikienda mtoni natembea nikijua hivyo.

Jumanne, 9 Januari

Ncha kumi na tisa. Mgongo unaniuma mpaka kwenye nywele.

Jumatatu, 15 Januari

Bwana Yani alikuja karakana bila kushuka kwenye farasi.

"Fundi, wewe iko na karatasi?"

"Karatasi gani, bwana?"

"Karatasi ya gredi. Tarehe nne mwezi wa nne, mzungu ya kupima fundi nakuja Eldoret. Wewe enda. Kama wewe pata gredi tatu, wewe kaa hapa. Kama hapana pata, mimi naleta fundi ingine. Yeye iko na karatasi tayari."

Akageuza farasi, basi, amekwenda. Nilibaki nimeshika mti wa mivukuto mdomo wazi. Mume wangu ametengeneza plau, mikokoteni, bawaba na kufuli za shamba hili kwa miaka sita. Hata kitanda anacholalia Bwana Yani, mguu wake mmoja ni kazi ya Walubengo. Na sasa tunaulizwa karatasi. Fundi akiondoka, nyumba inaondoka, na kipande chetu cha mahindi kinaondoka. Sisi hatuna kwingine, kule kwetu ndugu zake wamekwisha kugawana ardhi.

Walubengo alisema "Ndiyo, bwana" na kurudi kwenye moto. Nilimwambia asiogope, ameshinda mafundi wote ninaowajua. Akaniuliza kama maji ya pipa yamebadilishwa.

Jumapili, 21 Januari

Shemeji Murunga amekuja kutoka Turbo kutuona. Huyu ndiye kaka mkubwa aliyemfundisha Walubengo kazi. Baada ya ibada alitaka kuona karakana, lakini alipoona aproni yangu imening'inia karibu na ya ndugu yake, alisimama mlangoni kama amekuta nyoka.

"Ni kweli basi vile watu wanasema. Mwanamke kwa moto! Walubengo, baba angesema nini?"

"Baba alikufa," Walubengo akasema. "Huyu ndiye nafanya kazi na yeye. Kama hutaki kuingia, tutakuletea chai hapo nje."

Na chai akanywea nje! Nilienda nyuma ya ghala nikalia kwa furaha, mimi, mwanamke mzima. Sikuwahi kudhani mume anaweza kumwambia kaka yake maneno kama hayo kwa ajili ya mke.

Ijumaa, 2 Februari

Homa. Chepkoech, jirani yangu anayekamua ng'ombe wa Bwana, ameniletea maziwa na kunifunika blanketi mbili. Walubengo yuko karakana peke yake.

Jumamosi, 3 Februari

Bado kichwa kinagonga. Kiptoo, yule anayeongoza plau ya ng'ombe kule upande wa mawe, alikuja mlangoni na gunia, akalimwaga chini. Ncha saba. Nne zimekatika, tatu zimepinda kama masikio ya mbwa.

"Mama Nangila, hizi zilitengenezwa jana. Jana ni nani alikuwa kwa karakana?"

"Fundi mwenyewe."

"Basi mgonjwa ni yeye, si wewe."

Nilimwambia achunge mdomo wake. Lakini baada ya kuondoka niliziokota moja moja nikazitazama. Moja ilikuwa imechovywa ikiwa manjano kabisa, rangi bado imekauka juu yake. Hata mimi nisingefanya hivyo, mwaka wangu wa kwanza. Nimemwambia Walubengo anafikiri sana juu ya mtihani, apumzike. Amesema ndiyo.

Jumatatu, 12 Februari

Ni mchana, jua kali. Nitaandika kwa mpangilio ili nijue kwamba sikuota.

Asubuhi tulikuwa tunatengeneza tindo, ile ya kukatia chuma, kwa sababu tumesikia ndiyo itakayotolewa kwenye mtihani. Nilikuwa na furaha. Jana Walubengo alisinzia kanisani mpaka akaangusha kofia, na tangu asubuhi nilikuwa namtania. Akachovya tindo, nikaisugua, akaishika kwa koleo.

"Rangi?"

Ilikuwa ndiyo kwanza inaanza manjano. Nikasema, "Samawati! Imepita! Umelala tena, fundi!"

Nilitegemea aitazame, acheke, anirushie majivu. Badala yake aliitumbukiza majini haraka, akasonya. "Kwa nini hukusema zambarau?"

Nikacheka sana. Nilidhani anarudisha utani kwa utani. Akaiweka juu ya fuawe, akaigonga mara moja, ncha ikaruka ikapiga bati la ukuta. Hapo kicheko kilinikauka.

"Baba Nangila, ilikuwa manjano."

Akainama.

"Ilikuwa manjano. Mtu yeyote angeona."

Akaanza kutafuta ile ncha chini, kwa kupapasa. Ilikuwa karibu na mguu wake wa kushoto. Alipapasa kulia. Nikaenda nikasimama mbele yake nikainua mkono.

"Vidole ngapi?"

"Usinifanye mtoto."

"Ngapi?"

"Vitatu."

Nilikuwa nimenyoosha kimoja.

Kidole changu kilibaki hewani kama cha mtu anayeomba ruhusa darasani. Halafu akakaa juu ya gogo na kuanza kusema, akitazama moto.

"Ni ukungu. Moto naona, kwa sababu inawaka. Watu naona, lakini ni kama wamesimama nyuma ya pazia. Nyundo mkono wangu inajua. Lakini ile rangi ndogo ya juu ya chuma, hiyo sijaona miaka miwili sasa."

"Miaka miwili," nikasema.

"Miwili."

Nikahesabu. Sikuhitaji vidole. "Kwa hivyo ile siku ulinifunga aproni..."

"Nilikuwa nimeharibu plau tatu. Bwana alikuwa ameanza kuuliza."

"Ulisema utanifundisha."

"Na umejua. Sasa unajua kuliko mimi."

"Na Murunga? Yale maneno ulimwambia Murunga?"

"Ningemwambia nini? Kwamba sioni?" Akapangusa uso. "Nasike, mtu mwingine angetangaza. Wewe ni mke wangu, ungenyamaza hata ungejua."

Nilidhani mimi ni mwanafunzi. Kumbe nilikuwa miwani! Miaka miwili nimetembea mtoni na kichwa juu, na wale wanawake niliowaringia walikuwa na haki ya kunicheka, ila tu hawakujua. Wala mimi sikujua. Kila "Rangi?" aliyoniuliza nilidhani ni mtihani wangu, nami nilijibu upesi ili anisifu.

Nilimwambia kuna hospitali ya misheni kule Plateau, twende akatazamwe. Amekataa. Anasema fundi akionekana pale ameshika macho, habari itafika kwa Bwana kabla yeye hajafika nyumbani. Hilo ni kweli, najua watu wa huku.

Imebaki wiki saba. Siku ya mtihani atakuwa ndani peke yake.

Jumanne, 13 Februari

Nimetaja rangi tu. Sikusema neno lingine tangu asubuhi.

Ijumaa, 16 Februari

Nimemkasirikia mpaka nimechoka kukasirika. Jana nilimwona akitafuta mlango wa choo cha nje kwa mkono, jua likiwa usoni mwake, na Chepkoech akampita akidhani anatafuta fito ya kujengea. Nilishtuka kwamba hata mimi, ninayelala naye, nilikuwa nikiona kitu kile kile kila siku na kudhani ni mawazo. Ni mume wangu. Nyumba hii ni yangu pia. Nitafikiri.

Jumanne, 20 Februari

Nimepata! Naandika upesi kabla sijaunguza kitu kingine.

Leo adhuhuri nilikuwa nakaanga mboga ya managu kwa mafuta ya mkia wa kondoo aliyonipa Chepkoech. Nangila alikuwa anachezea unga, nikamgeukia kumkemea, mgongo wangu kwa sufuria. Nikiwa katikati ya kukemea nikajua mafuta yamefika. Sikutazama. Pua ilijua. Mwanamke yeyote anajua, ndiyo maana hatuunguzi mboga huku tunamtafuta mtoto.

Nikakimbilia karakana na kopo la mafuta mkononi. Walubengo akasema, "Sasa hii ni kupika?" Nikamwambia ndiyo, ni kupika, anyamaze anuse.

Tulichovya tindo moja. Nikapaka mafuta kidogo ya kondoo karibu na ncha, mimi nikatazama rangi, yeye akafumba macho. Manjano: mafuta yanayeyuka, harufu ya nyama tu. Kahawia: moshi mwembamba. Zambarau: moshi mzito, unaokwaruza koo. Samawati: mafuta yanashika moto, umechelewa. Tukarudia mara tano. Kila mara ilikuwa hivyo hivyo. Nilipiga makofi peke yangu.

Alhamisi, 1 Machi

Tindo ishirini kwa pua peke yake. Kumi na moja zimeshika, hazikukatika wala kupinda. Walubengo anakohoa, nguo zetu zinanuka kama sikukuu.

Ijumaa, 9 Machi

Kumi na saba.

Nimekuwa mkali. Leo alipochovya mapema nilimpiga mkono kwa fimbo ya kuchokorea makaa, si kwa nguvu. Alishtuka, halafu akasema, "Ndiyo hivyo baba alikuwa ananipiga." Tukacheka, mara ya kwanza tangu siku ile.

Jumatano, 14 Machi

Leo sikutaja rangi hata moja. Ncha ishirini na mbili, zote zimeshika. Kiptoo alikuja jioni kusema mawe ndiyo yanavunjika sasa. Walubengo aliinua mikono juu kama mtu aliyefunga bao.

Nami nilifurahi. Naandika kwamba nilifurahi. Lakini nilishangaa jinsi karakana ilivyokuwa kimya.

Jumapili, 25 Machi

Pasaka. Mvua haijaja. Mchungaji ameiombea mara mbili, ya pili kwa sauti kubwa zaidi.

Ijumaa, 30 Machi

Imekuja. Bati linapigwa hivi kwamba sisikii ninachoandika.

Jumatano, 4 Aprili

Tuliondoka alfajiri kwa mkokoteni wa maziwa, Kiptoo akiongoza ng'ombe, matope mpaka kwenye ekseli. Walubengo alikuwa na kopo dogo la mafuta ndani ya koti. Njiani aliniuliza mara tatu kama kifuniko kimekazwa.

Pale Eldoret, karakana ya mtihani iko karibu na reli. Mafundi walikuwa kumi na wawili. Wake na jamaa tuliambiwa tukae nje ya ukuta wa mabati. Nilizunguka nyuma, nikapata tundu la msumari, nikaweka jicho. Kiptoo akanisimamia ili nisionekane.

Waliambiwa kila mtu atengeneze tindo, aikaze, kisha akate kwa hiyo tindo bamba nene la chuma mbele ya mzungu. Walubengo aligonga vizuri, mkono wake haujui woga. Kisha akachovya. Akasugua. Akatoa kopo. Nilishika bati mpaka likanikata kidole, damu nimeiona baadaye.

Moshi ulipoanza, wale wengine wakacheka. "Nani anachoma nyama humu?" mmoja akauliza. Mzungu akaacha alichokuwa akifanya, akaja. Nami nilikuwa nanusa kupitia tundu la msumari. Bado, nikasema moyoni. Bado. Sasa! Na wakati ule ule akachovya.

"Hii mafuta ni ya nini?" mzungu akauliza. Kiswahili chake ni kizuri kuliko cha Bwana Yani. "Nani alikufundisha?"

Nilingoja.

"Ni njia ya wazee wetu, bwana," Walubengo akasema. "Baba yangu alifundishwa na baba yake."

Wazee wetu! Wazee ambao wangenifukuza na mawe! Mzungu akatoa kitabu chake kidogo, akaandika. Nilimwona akiandika. Mahali fulani sasa, katika kitabu cha serikali, sufuria yangu ya managu ni ya babu yake Walubengo.

Tindo ilikata bamba mpaka mwisho, ncha ikabaki nzima. Wawili katika wale waliocheka, zao zilikatika. Saa tisa wakasoma majina, na Walubengo akawa na gredi tatu. Kiptoo aliruka akaangusha kofia matopeni. Nami nililia, na sijui hata sasa ni kwa sababu gani hasa.

Kwenye mkokoteni nilimuuliza kwa sauti ya chini. Akasema, "Ningesema nini mbele ya wanaume wale? Kwamba nimetoa jikoni?" Nikamwachia. Nyumba ni yetu. Mahindi ni yetu. Nikajiambia hivyo mpaka tukafika.

Jumamosi, 7 Aprili

Tumechinja jogoo. Watu wamejaa, karatasi imepita mikononi mpaka nikaogopa itachanika. Mimi ndiye niliyewasomea. Sasa wanamwita Fundi wa Gredi. Bwana Yani amempa mkono, jambo ambalo sijawahi kuona.

Jumatatu, 9 Aprili

Nilimpeleka Nangila kwa Chepkoech kama kawaida, nikaenda karakana. Nilisikia mivukuto kabla sijafika. Nikadhani masikio yangu yanacheza.

Kiptoo alikuwa amekaa mahali pangu. Amevaa aproni yangu.

Walubengo alikuwa ameinama juu ya moto. Alijua ni mimi, anajua hatua zangu. Hakugeuka.

"Mama Nangila, rudi nyumbani. Bwana ameweka Kiptoo hapa."

"Kwa nini?"

"Hii sasa ni karakana ya gredi."

Alisema hivyo. Kiptoo akaacha kuvukuta, akatazama miguu yake. Walikuwepo waongoza plau wawili wanangoja ncha zao, na mmoja akajikohoza. Nilisimama pale nikifikiri kwamba sasa atageuka atacheka, kwamba ni utani, kwamba ananilipa kwa ile samawati. Hakugeuka. Nilitembea kurudi nyumbani na sikumbuki njia. Nilijikuta nimeketi juu ya kitanda na viatu vimejaa matope.

Jumanne, 10 Aprili

Nilimuuliza asubuhi, kabla hajaondoka.

"Bwana alisema nini hasa?"

"Alisema fundi ya gredi hawezi kusaidiwa na bibi. Watu wa mashamba mengine watamcheka."

"Na wewe ulisema nini?"

Akanywa chai yake yote kwanza. "Sikusema kitu."

"Murunga ulimwambia anywe chai nje."

"Wakati huo nilikuwa nakuhitaji," akasema.

Alisema hivyo bila ubaya, nadhani ndiyo sababu ilinipiga vile. Ni kama mtu anayekueleza kwa nini ameweka mwavuli kabatini. Mimi ndiye niliyemfundisha asinihitaji. Nilifanya kwa fimbo ya makaa na kwa subira, siku hata siku, nikipiga makofi.

Jumatatu, 16 Aprili

Nimepanda mahindi. Mistari tisa. Kutoka shambani nasikia nyundo.

Alhamisi, 19 Aprili

Mvua siku ya nne, na baridi ya kuingia kwenye mifupa. Walubengo amepata mafua, anapumua kwa mdomo. Nimempikia uji wa pilipili. Nilimpa bila maneno, akanywa bila maneno.

Jumatatu, 23 Aprili

Leo nilikuwa nafukia mahindi yaliyofukuliwa na ndege, mvua ikinyunya, nikamwona Kiptoo anakuja kati ya mistari, akiangalia asikanyage. Kiptoo ni mtu mzima, ana mke na watoto wawili, lakini alisimama mbele yangu akizungusha kofia kama amevunja dirisha.

"Mama Nangila, fundi amenituma."

"Sema."

"Tangu Alhamisi ncha zinakatika. Zote. Bwana amekuja mara mbili, ameuliza kama ile karatasi ni ya uongo. Fundi anapaka mafuta, ananusa, lakini..." Akagusa pua yake. "Mafua."

Nilielewa mara moja. Kwanza nilitaka kucheka. Pua! Hatukufikiria pua, sisi wote wawili, katika wiki zile zote.

"Kwa hivyo anataka nirudi?"

Kiptoo akatazama mahindi. "Anasema uje, lakini usiingie. Usimame nyuma, pale kwa dirisha, umtajie rangi kwa sauti ndogo. Bwana asikuone."

Jembe lilinitoka mkononi. Nilikuwa nimedhani mwezi huu umemaliza kunishtua. Nyuma ya dirisha, kwenye matope, mvua kichwani, ninong'one! Na mume wangu hakuja kuniambia mwenyewe, amemtuma mtu aliyevaa aproni yangu.

"Na wewe," nikamwambia, "unajua kwa nini anataka kutajiwa rangi?"

"Haoni," Kiptoo akasema polepole. "Niliona siku ya kwanza. Sijasema kwa mtu."

"Wewe unaona?"

"Mimi naona ng'ombe akiwa ng'ambo ya kilima, na najua ni ya nani."

Nikaokota jembe. Maneno yalikuja yamenyooka. "Rudi umwambie fundi dirishani sisimami. Na wewe uje na tindo mbili na jiwe la kusugulia. Nitakufundisha rangi, hapa kwangu, kwenye makaa ya jikoni, mpaka uzijue. Ukishazijua, utamtajia kwa sauti kubwa. Na mtu akikuuliza umejifunzia wapi, utasema ni kwa Nasike."

"Hata Bwana akiuliza?"

"Hata Bwana. Hata yule mzungu wa gredi."

Alifikiri. Nilimwona akifikiri, maji yakimtiririka shingoni. Mwanaume wa Kinandi kufundishwa chuma na mwanamke wa Kibukusu, tena jikoni. Nikajua akisema hapana, ncha zitaendelea kukatika na tutafunga mizigo kabla mahindi hayajafika magotini, na hata hivyo sikurudisha neno langu.

Alienda. Nikaendelea na mahindi. Alirudi na tindo mbili, jiwe na vumbi la makaa mashavuni, akavua viatu mlangoni mwa jiko langu bila kuambiwa.

Nilisugua tindo ya kwanza mpaka ikang'aa, nikailaza mgongo wake juu ya makaa, nikamweka karibu na mwanga wa mlango. Nikamwambia asikodoe, atazame tu.

"Sasa ni manjano," akasema.

"Vizuri. Ngoja."

"Zambarau."

"Hapana. Hiyo bado kahawia. Ungechovya sasa ungerudishiwa imekatika. Tazama ukingoni, si katikati. Unaona inavyoanza kuiva pale?"

Akainama mpaka nyusi zake zikakaribia kuungua. Kwa mara ya kwanza niliona usoni mwa mtu mwingine kile ambacho mimi nilikiona peke yangu miaka miwili, zile rangi zikitembea, na mdomo wake ukafunguka kidogo.

"Sasa?" nikamuuliza.

"Sasa. Zambarau."

"Toa. Tutaanza tena kutoka mwanzo."

"Ndiyo, fundi," akasema.

Niligeuka haraka kutazama mlangoni, nikidhani Walubengo amefika. Hakukuwa na mtu.